Kahawa ya Kwanza Baada ya Kupunguzwa Tumbo

Siku hizi nafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Naanza na hili kwa sababu watu wakinikuta dukani wananiuliza habari za kilo, nimepungua ngapi, nimebaki na ngapi, kana kwamba mimi ni gunia. Kilo hazina raha yoyote. Raha ni kuinama, kushika kamba, kufunga, halafu kuinuka bila kuita mtu. Kwa miaka kama kumi nilivaa kandambili hata harusini, na mke wangu akawa anawaambia watu kwamba nina kidonda mguuni.

Ninauza vitenge na mashuka hapa Bariadi mjini. Wazazi wangu walikuja huku na biashara wakitokea Tabora, nikazaliwa hapa, nikaoa hapa, binti wa Kisukuma wa Nkoma. Kwa wakwe zangu unene wangu ulikuwa heshima. Mama mkwe alikuwa akinipitisha kwa majirani wamwone mkwe wake, waone binti yake anavyojua kulisha. Hawakuona vidonge vya sukari na vya presha nilivyokuwa nameza kila asubuhi kabla sijasalimia mtu, wala jinsi nilivyokuwa nikikaa kwenye mkeka kisha nikajifanya bado nina maneno ya kusema, kumbe nashindwa kunyanyuka.

Daktari aliyeniambia ukweli alitaka kwanza kunipima uzito. Nikapanda mizani yake, mshale ukaenda mpaka mwisho ukagota. Muuguzi akatazama pembeni kwa adabu. Kila mtu huku anajua mizani isiyogota iko wapi, kwa hiyo nikaenda Kasoli, ambako shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hupima pamba kwenye kituo cha kununulia. Ulikuwa msimu. Nikapanda mbele ya wakulima waliopanga foleni na mizigo yao, na shemeji, kwa mazoea ya kazi, akasoma kwa sauti: "Mia na sitini na nne!" Mama mmoja akauliza, "Hiyo ni safi au fifi?" Pamba safi ndiyo ya daraja la kwanza, fifi ni ile chafu, ya bei ya chini. Foleni nzima ikacheka, shemeji akacheka mpaka akashika nguzo, na mimi nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nililia.

Basi nikaenda Dar es Salaam kupunguzwa tumbo. Wanakata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, wanakubakizia kijimfuko chembamba, nawe unaanza maisha ya kula kama kifaranga. Waliojua ni wawili tu, mke wangu na shemeji. Wengine wote niliwaambia nimefuata mzigo wa vitenge. Nilikuwa naona aibu, na sitaficha hapa kwamba niliona aibu. Nilijua watakavyosema: mwanaume mzima kashindwa kufunga mdomo wake mpaka akaenda kufungwa na daktari.

Kabla ya kukatwa nilikalishwa na mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole mwenye kalamu kali. Akauliza kama nakunywa kahawa. Nikasema kidogo. Mke wangu akakohoa. "Vikombe vingapi kwa siku, baba?" Nikasema labda kumi na tano. Kalamu ikasimama. Ikabidi nimweleze kwamba si vikombe vya chai, ni vile vidogo visivyo na mkono, vya kahawa chungu, vya kunywa kwa kashata. Akasema hata kama ni vya ukubwa wa kizibo, tumbo likishashonwa halitaki kahawa kwa wiki nyingi: inachokoza kidonda, inaleta kiungulia, inakukausha maji wakati maji yenyewe unayanywa kwa tabu, tena inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Akaandika kwenye karatasi: kahawa hapana, chai ya rangi hapana, soda hapana, mpaka tuongee. Akapigia mstari chini ya neno mpaka.

Kidonda hakikunisumbua kama kichwa. Siku ya pili baada ya upasuaji kichwa kilinishika kuanzia kisogoni mpaka kwenye macho, nikawaambia wauguzi hii ni malaria, nimetoka nayo Simiyu. Wakapima, hakuna. Nikawaambia wapime tena. Yule dada wa lishe alipopita akacheka: "Baba, hiyo ni kahawa inakudai." Nilimkasirikia kweli kweli, maana nilikuwa napenda iwe malaria. Malaria ina dawa. Siku ya sita kichwa kikaniachia chenyewe, nami nikaamka nikiwa mwepesi, nikadhani vita vimekwisha.

Nilirudi Bariadi baada ya wiki tatu na kitu, shati likiwa limeanza kunipwaya. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao sasa nausimulia.

Kando ya duka langu kuna kijiwe cha kahawa. Ni mabenchi mawili ya mbao, jiko la mkaa, birika refu la shaba na ndoo ya kuoshea vikombe. Mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na kitu, ametoka Tabora kama wazazi wangu, amekuwa akinimiminia kahawa tangu nilipoanza kuota ndevu. Hana mke tena, watoto wako mbali, anaishi kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Ana maneno machache na mkono usiotetemeka. Mimi alikuwa akiniita tajiri, kwa utani, kwa sababu ya tumbo. Kila asubuhi tulikuwa tunakaa pale mimi, fundi cherehani wa mlango wa pili, mnunuzi mmoja wa ng'ombe wa Sapiwi ambaye siku za mnada hakosi, na yeyote aliyepita. Utaratibu ni kwamba ukikaa unamiminiwa, na ukimiminiwa unakunywa. Ukirudisha kikombe kikiwa kimejaa umesema jambo, hata kama hukufungua mdomo.

Mimi nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimejaa siri yangu, na mtu mwenye siri anadhani watu wote wanaiangalia siri ile ile. Asubuhi ya kwanza mzee akanimiminia, nikashika kikombe, nikanusa (nilinusa mpaka fundi akaniuliza kama naswali), kisha nikakiweka chini. Nikasema tumbo haliko sawa. Siku ya pili nikasema nimeshakunywa chai nyumbani. Siku ya tatu nilikuja na chupa yangu ya maji, kwa sababu nilitakiwa kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima, na mke wangu alikuwa ameyachemsha na kuyapoza mwenyewe. Nikakaa kwenye benchi la mzee, mbele ya birika la mzee, nafungua kizibo, nanyonya funda, nafunga kizibo na kuikumbatia chupa yangu. Nilifanya hivyo wiki nne.

Nao wananiona nakonda. Kila wiki mkanda unaingia tundu jipya, mashavu yananywea, suruali nimeikunja kiunoni kama mtoto aliyevaa ya kaka yake.

Nilianza kuona benchi linapungua watu. Fundi akawa na kazi nyingi. Vijana wa bodaboda wakahamia kwa mama wa chai ya maziwa ng'ambo ya barabara. Nikajipa sababu zangu. Nilidhani wananikwepa mimi, wanafikiri nina ugonjwa ule wa kukondesha, nikanuna, nikawaacha waende. Nilikaa peke yangu na mzee na kujifariji moyoni kwamba angalau huyu hanitengi.

Halafu asubuhi moja akaja msafiri, mtu wa basi, akaomba kahawa. Mzee akamimina kikombe, akakiinua, akakinywa yeye nusu mbele ya yule mtu, akakisuuza, ndipo akammiminia kingine. Msafiri hakuelewa kitu, akanywa, akaenda zake. Mimi nilielewa. Huku kwetu mwenye pombe huonja kwanza kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni aone hakuna kitu ndani. Kwenye kahawa sijawahi kuona. Miaka yote ile sijawahi kumwona mzee yule akionja kahawa mbele ya mteja. Nikamwuliza, "Mzee, vipi?" Akasema, "Siku hizi naonja," akapuliza mkaa.

Nikaenda nyumbani kwa miguu, haraka, jambo ambalo mwaka mmoja kabla lingeniua. Mke wangu alikuwa anachuja supu yangu. Nikamwambia nilichokiona. Akaweka kichujio chini.

"Mimi nilifikiri unajua," akasema. "Mjini wanasema kuna mkono wa mtu. Wanasema mzee amekufanyia, na wewe umekwenda Dar kwa mganga mkubwa ukaambiwa ni nani. Ndiyo maana hunywi kwake. Ndiyo maana unabeba maji ya nyumbani. Wanasema unakaa pale kila siku ili umtazame usoni mpaka achoke."

"Na wewe umenyamaza?"

"Uliniapisha. Ulisema nikifungua mdomo kuhusu hilo tumbo unaniacha."

Kweli nilisema. Nilisema kwa mzaha, lakini nilisema.

Naomba nieleweke. Sehemu nyingine maneno ya namna hiyo ni maneno tu, watu wanasengenya, wanachoka, wanaacha. Huku kwetu wazee wamekufa kwa maneno ya namna hiyo, tena wazee wasio na mtu, wanaoishi kwenye chumba kimoja. Kesho yake asubuhi tulikuta benchi moja limevunjwa mguu na kutupwa mtaroni. Mzee akalivuta akaliegemeza ukutani, akaketi kwenye lile lililobaki na kuwasha jiko. Nilitazama mgongo wake nikajua kwamba mimi ndiye niliyelivunja benchi lile, kwa chupa ya maji.

Nilimpigia simu dada wa lishe. Zilikuwa zimepita wiki nane tangu nikatwe. Nikamwambia nataka kunywa kahawa, na kwamba si ulafi, ni jambo la maisha ya mtu. Akadhani natania; nikamweleza yote. Akarudi kwenye kalamu yake. Je, bado naumwa tumbo? Hapana. Kiungulia? Hapana. Nakunywa maji ya kutosha? Kwa mtutu wa bunduki. "Basi kimoja," akasema. "Kile kidogo. Usinywe tumbo likiwa tupu. Kula kwanza, subiri nusu saa. Hakuna sukari, hakuna kashata. Vidonge vya chuma umeze jioni, mbali na kahawa. Unywe taratibu, na ukisikia maumivu unaacha. Na baba, itakupanda haraka kuliko zamani, usishangae."

Asubuhi iliyofuata nilikula yai langu moja, nikasubiri nusu saa nikiwa natazama saa ya ukutani, kisha nikatoka. Nilipita mlango kwa mlango. Nikamwambia fundi aache cherehani. Nikavuka barabara nikawaita bodaboda wakiwa na chai zao mikononi. Ilikuwa siku ya mnada, kwa hiyo mnunuzi wa ng'ombe alikuwepo na fimbo yake, na watu wawili watatu aliokuja nao. "Mwangaluka, bhabha," akaniamkia, macho yakiwa kwenye shati langu. Nikamjibu, nikamshika mkono nikamvuta. Walikuja wote, maana walijua siku ile ndiyo siku. Walidhani nakwenda kumtaja mtu.

Mzee alikuwa amekaa. Alipoona umati ule unakuja nikiwa mbele, alisimama, akavua kofia yake akaishika mkononi. Sijawahi kuona aibu kama ile niliyoiona siku hiyo, na yote ilikuwa yangu.

Nikafungua shati. Nikafungua vifungo vyote mpaka chini, mimi ambaye hata kuoga mtoni na wenzangu nilikataa utoto wangu mzima, nikawaonyesha tumbo lenye ngozi iliyolegea na alama tano ndogo. "Nimekatwa," nikasema. "Hospitali, Dar. Nilikuwa nakufa kwa unene, nikaenda wakanipunguza tumbo, nikaona haya kuwaambia. Daktari alinikataza kahawa. Kahawa ya huyu mzee na ya mtu mwingine yeyote. Hakuna mkono wa mtu hapa. Mkono ni wa daktari, na una risiti."

Kijana mmoja wa bodaboda akainama kuhesabu alama. Kisha mnunuzi wa ng'ombe akasogea, akatazama kwa makini kama anavyotazama dume la mnadani, akasema, "Ng'ombe ana matumbo manne na hatosheki. Wewe Mungu alikupa moja, nalo umelipunguza?"

"Nimelipunguza."

"Na kipande walichokata wamekipeleka wapi?"

"Sikuuliza."

"Ungeuliza, bhabha. Hicho kilikuwa chako."

Hapo wakacheka. Fundi alianza, wakafuata wote, na kicheko kile kilinipita mwilini kama maji baridi. Fundi akaniambia mimi ni mjinga, akarudia mara tatu, kisha akasema atanipunguzia suruali zote, nami nilipe nyuzi tu. Nikafunga shati. Nikakaa kwenye benchi lililobaki nikamwambia mzee, "Shikamoo. Naomba kahawa."

Akamimina. Mkono wake, ule usiotetemeka, ulimwaga kahawa kando ya kikombe. Akakiinua kikombe kwenda kinywani ili aonje kwanza, na mimi nikamshika kiganja. "Usionje, mzee wangu." Akanitazama, akakiachia.

Nitasema ukweli: niliogopa. Niliogopa mshono, niliogopa kiungulia, niliogopa kutapika mbele ya watu wale wote, ambao wangesema basi, kumbe kweli. Nikachukua funda la kulowesha ulimi tu, nikalishika mdomoni, nikameza. Likashuka. Nikangoja. Halikufanya kitu. Uchungu ule wa kahawa iliyokaa kwenye mkaa tangu alfajiri, na tangawizi kwa mbali, ulinirudia wote, nikafumba macho. Nikachukua jingine. Kikombe ambacho zamani nilikimaliza kwa mafunda mawili kilinichukua nusu saa nzima. Kahawa ilipoa, nikainywa imepoa, na watu walikaa pale wakinitazama kama wanaotazama mpira. Nilipokigeuza kikombe kuonyesha kimekwisha, mnunuzi wa ng'ombe akanyoosha mkono. "Wabeja, asante sana, mzee, na mimi nipe." Fundi naye. Bodaboda wakamwaga chai zao mtaroni.

Yule dada hakukosea. Kikombe kile kimoja kilinipiga kama kumi. Moyo ulikwenda mbio, nikakunja upya mashuka yote ya dukani, nikapanga vitenge kwa rangi, nikamsumbua mke wangu kwa simu mara nne bila jambo la maana. Lakini sikuumwa. Mpaka leo nakunywa kimoja kwa siku, asubuhi, baada ya yai, na sijawahi kuumwa.

Siku ile baada ya swala ya adhuhuri nilirudi kijiweni. Fundi alikuwa amekwisha kupigilia mguu wa benchi. Mzee alikuwa anasuuza birika, akamwaga maji, akatia mengine, akasuuza tena, akatia mengine. Nikamwambia limekwisha kutakata. Nikamwomba radhi, na sikujua pa kuanzia; nikasema nilipomwona anaonja ndipo nilipoelewa nilichomfanyia, kwamba ilimlazimu aonje kwa ajili ya watu.

Aliendelea kuzungusha maji ndani ya birika.

"Sikuwa naonja kwa ajili ya watu," akasema. "Nilikuwa nakutazama unavyokwisha. Nikasema, watu wote hawa hawawezi kukosea, labda kweli kuna kitu kwenye mkono wangu na mimi sikijui. Nikawa naonja nione kama nitakufa."